Uzi: Nilikesha na kalamu za rangi nne, bado nikala sapu (mtihani wa kurudia) ya anatomia. Waliopita fani za afya tukutane hapa

Karani wa Mifupa:
Wakuu, salaam. Huu uzi nimeuahirisha siku nyingi. Leo nauanza kwa sababu kila mwaka wadogo zetu wanaingia vyuoni kusoma udaktari, uuguzi, famasia, maabara, fiziotherapia na ndugu zake, halafu wanajikwaa kwenye kisiki kile kile nilichojikwaa mimi. Sitaki kumtisha mtu. Nieleze tu kilichonipiga.

Sekondari nilikuwa naongoza darasa, na njia yangu ilikuwa moja. Nasoma mara ya kwanza napiga mstari, mara ya pili napaka rangi, mara ya tatu nahamishia kwenye daftari safi kwa mwandiko wa kupendeza. Alama zilikuja. Mwaka wa kwanza chuoni nikaingia kwenye anatomia na silaha hiyo hiyo. Nyekundu ateri, bluu vena, njano neva, kijani mishipa ya limfu. Daftari langu ukilifungua ungedhani kitenge. Wenzangu waliliazima walipige picha, na mimi kichwa kikavimba.

Ikafika siku ya mtihani wa pini. Kwa wasioujua: meza zimepangwa ukumbi mzima, kila meza ina kipande cha mwili au mfupa, na pini imechomekwa mahali. Swali ni fupi kuliko salamu: taja. Una dakika moja. Kengele ikilia unahamia meza inayofuata, hakuna kurudi. Formalini, ile dawa ya kuhifadhia miili, inakutoa machozi hata kama hujaanza kulia.

Meza ya tatu ulikuwepo mkono umelazwa, upande wa nyuma ukitazama juu. Pini ilichoma uzi mnene mweupe unaopinda nyuma ya mfupa wa mkono wa juu. Wakuu, niliijua hiyo neva. Nilijua nimeipaka njano. Nilijua iko ukurasa wa kushoto, chini, karibu na mchoro niliouchora kwa rula. Ukurasa wote niliuona kichwani, jina tu ndilo halikuwepo. Kengele ikalia, nikaandika "ulna", nikahama natetemeka.

Ilikuwa radiali. Ulna inapita nyuma ya kile kifundo cha ndani cha kiwiko, pale ukijigonga unapigwa shoti mpaka kidole cha mwisho. Nimejigonga pale tangu utoto na bado nikakosea.

Sapu.

Likizo nilibaki chuoni. Chumba cha mafunzo alikuwepo fundi mmoja mtu mzima, kazi yake kuandaa na kutunza miili. Hakuwa mwalimu kwa cheo. Aliniona nimekaa na daftari langu la kitenge mbele ya mkono ule ule, akaja, akaigusa neva kwa koleo: "Hii ikikatika hapa, mgonjwa atashindwa nini?" Nikanyamaza. Akasema, "Basi huijui. Umeiona tu." Akaondoka zake.

Nilikasirika kwanza, halafu nikatafuta. Neva ya radiali ikiumia hapo nyuma, kwa mfano mfupa ukivunjika katikati, mgonjwa hawezi kuinua kiganja. Mkono unaning'inia kama umelala. Tangu siku ile sijaisahau, na sikuipaka rangi yoyote.

Hapo ndipo nilipobadilisha mchezo. Nikawa nafunga daftari, nachukua karatasi tupu, nachora kutoka kichwani. Nilianza na ule mtandao wa neva za mkono unaotokea shingoni: mizizi 5, kuanzia C5 mpaka C8, ukimalizia na T1 (C ni neva za shingo, T ni za kifua). Mara ya kwanza nilichora mistari miwili nikakwama. Inauma kweli kukaa mbele ya karatasi nyeupe wakati daftari lenye majibu liko pembeni. Lakini ule uchungu ndio kusoma kwenyewe. Nafungua, naona nilichokosa, nafunga, nachora tena. Kesho yake tena. Baada ya siku tatu tena. Baada ya wiki tena.

Hili si langu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe, akakariri silabi zisizo na maana na kupima anavyozisahau, akachapisha mwaka 1885. Kuna pia utafiti wa wanasaikolojia Roediger na Karpicke wa 2006. Waliwapa wanafunzi maandishi, kundi moja likayasoma tena, jingine likajaribu kuyakumbuka bila kuyaona. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojijaribu ndio walikumbuka zaidi. Hapo ndipo tunapoponzwa: usiku wa kuamkia mtihani, kurudia kusoma kunakupa raha ya uongo.

Karibuni.

Mgeni Jengoni:
Kaka shikamoo. Mimi uuguzi mwaka wa kwanza, nina mwezi wa pili tu. Mifupa 206 naikariri vipi? Nikifika mkononi naona giza.

Karani wa Mifupa:
Marahaba. Hiyo 206 inatisha kwa jumla yake, ivunje. Mikono miwili na nyayo mbili peke yake zina 106, yaani zaidi ya nusu ya mifupa yako iko mwisho wa miguu na mikono. Na kulia ni sawa na kushoto, kwa hiyo kazi inapungua nusu tena.

Sasa weka daftari chini, nyoosha kiganja. Kidole gumba kina vipande 2, vingine vinne vina 3 kila kimoja. Hiyo ni 14. Kiganjani kuna 5, kila kidole na wake. Kwenye kifundo kuna 8 vidogo kama kokoto, safu mbili za nne nne. Jumla 27. Vitaje ukijibonyeza kimoja kimoja, kwenye foleni, kwenye basi, popote. Vile 8 ndivyo vitakusumbua, tunga sentensi yako ya kijinga ya kukumbukia. Ya kwako, usiazime ya mtu. Yangu haiandikiki hapa.

Mkweli Mchungu:
Mkuu hadithi tamu, lakini tusidanganyane. Mimi nimemaliza shahada yangu bila kuchora hata mstari. Madesa ya waliotangulia, maswali ya miaka 5 iliyopita, basi. Walimu wengi hawabadilishi maswali. Nyie wa karatasi tupu mlikuwa mnajitesa, mimi nalala saa nne.

Karani wa Mifupa:
Hapo kwenye kulala umenishinda, nakiri. Na maswali ya nyuma ni dawa, sina ubishi. Ila ulikuwa unayasoma na majibu yake, au ulikuwa unafunika jibu kwanza?

Mkweli Mchungu:
Nilikuwa nafunika. Sasa ningejuaje kama naweza?

Karani wa Mifupa:
Basi sisi ni chama kimoja, hujajiandikisha tu. 😂

Vidonge na Mizani:
Famasia hapa, mwaka wa mwisho. Naunga mkono mada ila niongeze kitu ambacho watu wa udaktari na uuguzi hukidharau mpaka kiwaumbue: hesabu. Si hesabu ngumu. Ni kuzidisha na kugawanya kwa darasa la sita, ila kosa lake linaingia kwenye mwili wa mtu.

Mfano wa parasetamoli ya maji. Mtoto ana kilo 12, dozi ni miligramu 15 kwa kila kilo. 15 mara 12 ni miligramu 180. Wengi wanafika hapo wanapumua. Bado! Mtoto hapewi miligramu, anapewa mililita. Kuna chupa yenye miligramu 120 katika kila mililita 5, na kuna nyingine yenye 250 katika mililita 5. Kwa ya kwanza atapewa mililita 7.5. Kwa ya pili 3.6. Ukikariri "kilo 12, mililita saba na nusu" halafu ukashika chupa ya pili, umempa miligramu 375, zaidi ya mara mbili ya anayostahili. Chupa zote mbili zimeandikwa jina lile lile kwa herufi kubwa. Nguvu ya dawa iko kwenye maandishi madogo.

Mwalimu wetu mmoja alikuwa anakata alama zote ukiandika jibu bila kipimo. Ukiandika "7.5" anaweka sifuri. Tulimlalamikia mpaka kwa kiongozi wa darasa. Anauliza: "7.5 nini? Vijiko? Ndoo?" Leo namshukuru kimya kimya.

Na mkiandika nukta, andikeni 0.5, msiandike .5 peke yake. Nukta ikififia inasomeka 5, mara kumi. Vivyo hivyo msiandike 5.0, itasomeka 50. Insulini ndiyo balaa zaidi: ukiandika herufi U baada ya 10 kwa haraka, mwenzako wa zamu ya usiku anasoma 100. Andika "yuniti" kwa kirefu. Wino haulipiwi kwa herufi.

Mgeni Jengoni:
Dada, majina ya dawa nayo? Mbona yote yanafanana?

Vidonge na Mizani:
Kufanana ndiyo bahati yako. Sikiliza mikia. Enalaprili, kaptoprili, lisinoprili: zote za presha, za ukoo mmoja, na zote zinaweza kuleta kikohozi kikavu. Mgonjwa akilalamika anakohoa tangu aanze dawa, mkia unakuambia uanzie wapi. Propranololi, atenololi: zinapunguza mapigo ya moyo, na ukisikia propranololi muulize mgonjwa kama ana pumu kabla hujafungua mdomo kwa jingine.

Ila mkia nao una utapeli wake. Flukonazoli ni ya fangasi, metronidazoli inaua bakteria na vimelea, omeprazoli ni ya asidi ya tumboni. Zote zinaishia "zoli". Mwaka wa pili niliandika kwenye mtihani kwamba omeprazoli inatibu fangasi, kwa kujiamini kabisa, na nikapigia mstari.

Nesi wa Zamu:
Nimesoma mpaka hapa nikicheka. Mimi nilianza na stashahada, nikafanya kazi miaka saba, sasa narudi kuchukua shahada nikiwa na watoto wawili. Darasani nakaa na vijana wananiita mama. Kwa hiyo niruhusuni niseme ya upande wa wodi, maana naona mmekaa sana kwenye vitabu.

Siku yangu ya kwanza wodini, zamani hizo, nilitumwa nikapime presha kitanda cha mwisho. Darasani tulishapimana wenyewe kwa wenyewe. Nikavaa stetoskopu, nikamfunga mgonjwa kitambaa, nikapuliza, nikaachia. Kimya. Nikapuliza tena. Kimya. Mzee wa watu ananitazama, mkono umeanza kubadilika rangi. Mara ya tatu nikaona nitaaibika, nikaandika 120 kwa 80.

Muuguzi wa zamu akaja nyuma yangu. Hakufoka. Akanivua stetoskopu masikioni, akaigeuza, akanivisha tena. Nilikuwa nimeivaa kinyumenyume. Zile ncha za masikio zinatakiwa zielekee mbele, upande wa pua, kwa sababu tundu la sikio linaelekea huko. Mimi nilizielekeza nyuma, zikaziba kwenye nyama. Tukapima tena. Ilikuwa 178 kwa 104. Akachukua kalamu yake, akanikabidhi, akasubiri nifute nilichoandika na kusaini mwenyewe.

Hakuwahi kumsimulia mtu. Na mimi tangu siku ile sijaandika namba ambayo sikuisikia. Wadogo zangu, hilo ndilo ninalowaomba kuliko yote: ukikosa kusikia sema "sijasikia". Mwanafunzi asiyejua ana dawa, anafundishwa. Anayebuni namba hana dawa.

Mambo mengine madogo ya presha. Kitambaa kidogo kwa mkono mnene kinatoa namba kubwa ya uongo. Mgonjwa akae ametulia dakika 5 kwanza, mkono uwe usawa wa moyo, asiongee. Nanyi msiongee naye mkiwa mnapima, wanafunzi mna maneno.

Karani wa Mifupa:
Mama hiyo ya kugeuza masikio nimecheka lakini nami nimewahi. Na ukifikiria, chombo chenyewe kilianza na aibu. Mwaka 1816 daktari wa Kifaransa, Laennec, aliona haya kuweka sikio kwenye kifua cha msichana, akakunja karatasi iwe bomba. Akashangaa anasikia moyo vizuri kuliko akilaza sikio.

Nesi wa Zamu:
Basi aibu ina faida zake. 🙂

Na kunawa mikono. Najua mnaona ni somo la watoto. Mwaka 1847 pale Vienna, daktari Semmelweis aliona akina mama waliojifungua wanakufa kwa homa zaidi kwenye wodi ya madaktari na wanafunzi wao kuliko ya wakunga. Madaktari walikuwa wanatoka kupasua maiti wanakuja kuzalisha. Alipowalazimisha kunawa kwa maji ya klorini vifo vikashuka, na wengi wa wakubwa wake bado hawakumkubali. Kwa sabuni ni sekunde 40 mpaka 60, kwa kitakasa mikono sekunde 20 mpaka 30. Wanafunzi mnanawa mkishamaliza kumshika mgonjwa, hiyo mnakumbuka kwa sababu mnajiogopea wenyewe. Mnasahau kabla ya kumshika, na mnasahau mkigusa vitu vyake tu: kitanda, pazia, kile kimeza cha pembeni.

Nunueni pia saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Simu haishikwi na mtu mwenye glavu.

Sijajaza Fomu:
Samahanini wakubwa, mimi bado sijaingia chuo. Nyumbani wanataka udaktari, kila mgeni akija anaambiwa "daktari wetu huyu". Alama zangu zipo katikati, naweza nikakosa. Nikikosa ndiyo basi? Kuna ninaosikia wanasema fani nyingine ni za waliofeli.

Viungo Vyepesi:
Mdogo wangu, mimi ndiye huyo "aliyefeli". Nilikosa udaktari, nikaingia fiziotherapia nimenuna. Miezi sita ya mwanzo niliwaambia watu nasoma udaktari, nikikutana na jamaa wa nyumbani nakata kona.

Halafu tukapelekwa mazoezini, nikapewa mama aliyepata kiharusi, upande wa kulia umelala. Kazi yetu siku ile ilikuwa moja: aketi kitandani bila kushikwa. Hakuna sindano, hakuna kidonge. Dakika arobaini. Alipokaa mwenyewe kwa kuhesabu mpaka kumi, alijitazama mkono, akaanza kulia, na mwanawe akatoka nje. Daktari alikuwa amemwokoa, sawa. Lakini aliyemrudisha kukaa ni mimi na mwalimu wangu. Sijawahi kukata kona tena.

Sisemi usijaze udaktari. Jaza. Ila kabla ya fomu tafuta nafasi ukae siku moja na mtu wa maabara, siku moja na mkunga, siku moja na mfamasia. Jiulize unataka kuwa karibu na nini: mgonjwa mwenyewe, damu yake kwenye darubini, picha ya mfupa wake, au dawa yake. Anayechukia kuongea na watu akienda uuguzi ataumia na ataumiza.

Vidonge na Mizani:
Na uangalie kama kozi na chuo vimesajiliwa na baraza la taaluma hiyo. Usiishie kwenye tangazo. Shahada ya afya bila leseni ni karatasi, hairuhusiwi kumgusa mtu. Hili ulize kabla ya ada, sio baada.

Macho Makavu:
Niseme ukweli kwa kuwa hapa hatujuani. Mwaka wa tatu udaktari. Wiki iliyopita mgonjwa niliyekuwa namchukulia historia alifariki usiku. Asubuhi kitanda kimetandikwa, raundi ikapita kama kawaida, nikaulizwa swali la potasiamu nikajibu sawasawa. Tangu siku hiyo silali vizuri, nasoma ukurasa mmoja saa nzima. Wenzangu wanaonekana wako sawa.

Nesi wa Zamu:
Hawako sawa mwanangu, wamejifunza sura tu. Mimi wa kwanza alikuwa mtoto, nilijifungia stoo ya mashuka. Tafuta mmoja katika waliokuwa zamu ile mkae mumtaje huyo mgonjwa, alivyokuwa, alivyoongea. Na usingizi ukiendelea kukukimbia nenda kwa mshauri wa wanafunzi au daktari wiki hii, usingoje mitihani ipite. Nitakuandikia pembeni.

Mkweli Mchungu:
Ndugu, hata mimi pembeni nipo. Mdomo wangu huu mchungu, lakini mwaka wa tatu nilirudi nyumbani mwezi mzima kwa jambo kama hilo. Nilirudi chuo nikamaliza.

Macho Makavu:
Asanteni. Nimeona ujumbe.

Mgeni Jengoni:
Jamani oski ni nini? Wakubwa wanaitaja kama jini.

Karani wa Mifupa:
Ni mtihani wa vituo. Ulibuniwa Dundee, Uskoti, na Harden na wenzake, wakauandika 1975. Zamani mwanafunzi alipewa mgonjwa mmoja na mtahini mmoja, na bahati yake ikaamua: mmoja anapata mgonjwa mwepesi na mtahini mpole, mwingine anapata kinyume chake. Kwenye oski wote mnazunguka vituo vile vile kwa dakika chache, mtahini ana orodha ya vitu vya kuweka alama. Kituo kimoja unasikiliza kifua, kingine unamweleza mtu anavyotumia dawa ya kuvuta ya pumu, kingine unafunga kidonda cha mpira. Mgonjwa mara nyingi ni mwigizaji.

Mimi ya kwanza nilisikiliza kifua vizuri sana. Nilisikia kila kitu, nikaeleza kila kitu, nikatoka natabasamu. Sikujitambulisha, sikuuliza jina la mgonjwa, sikuomba ruhusa, sikunawa. Alama zile za bure zote zilinipita.

Kwa hiyo jizoeze kwa mdomo, kwa sauti, na mtu mbele yako. Mdogo wangu wa nyumbani nimempima kifua mpaka akaanza kunikimbia. Ukisoma kimya kichwani kila kitu kinatiririka. Ukitamka "naomba nikusikilize kifua, nitakufungua vifungo viwili" ndipo unagundua ulimi wako haujawahi kulisema hilo.

Mgeni Jengoni:
Sawa kaka. Kesho asubuhi nina jaribio la hesabu za dawa, ndilo la kwanza. Dada Vidonge, nipe swali moja nilifanye hapa, nimefunga daftari.

Vidonge na Mizani:
Haya. Mgonjwa ameandikiwa lita 1 ya maji ya dripu, iingie kwa saa 8. Mrija unatoa matone 20 kwa kila mililita. Utaiseti ngapi?

Mgeni Jengoni:
Lita 1 ni mililita 1000. Mara 20 ni matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. 20,000 gawanya kwa 480 napata 41.67. Jibu ni 42.

Nesi wa Zamu:
42 nini, mwanangu?

Mgeni Jengoni:
😭 Matone kwa dakika. Matone 42 kwa dakika.

Nesi wa Zamu:
Haya. Saa ya mshale unayo?

Mgeni Jengoni:
Nimeazima ya kaka. Imelegea, inazunguka mkononi.

Nesi wa Zamu:
Ipeleke ikakazwe. Kalale.